Muuzaji aulize kwanza: unaenda kuvua wapi?

Jumamosi nilikwenda Naivasha na binamu yangu, mkononi ana fimbo mpya ya kuvulia aliyouziwa Nairobi kwa maneno matamu kwamba inafaa kila samaki. Fimbo laini, futi 6, uzi wa nailoni unaohimili uzito wa ratili 6. Kwa trauti wa vijito vya Aberdare, sina neno. Lakini samaki aitwaye besi wa Naivasha anajificha chini ya mafunjo na magugu maji, na akishanaswa hukimbilia humo humo.

Saa mbili asubuhi akala mmoja. Fimbo ikapinda mpaka mpinini, rili, ile mashine ya kuzungushia uzi, ikalia, samaki akauzungusha uzi kwenye shina la funjo, pwa! Ukakatika. Mzee wa mashua akasema taratibu, "Kijana, huyo ameondoka na ndoano mdomoni." Hilo limeniuma hadi leo. Pesa ya chambo inarudi. Yule samaki amebaki na chuma kinywani kwa sababu mtu dukani hakuuliza swali moja.

Kwenye mafunjo, anza na uzi. Chukua wa kusuka, ratili 50. Haunyumbuki, kwa hiyo ukivuta tu, ndoano inazama, na majani laini ya magugu unayakata. Fimbo iwe ngumu, futi 7. Rili iwe ya haraka, 7 kwa 1 (mzunguko mmoja wa mkono, kibiringo cha uzi kinazunguka mara saba), umtoe samaki kabla hajageuza kichwa. Ukitumia chambo cha chura wa mpira anayeelea, uzi huo nao unaelea, haumvuti chini.

Maji wazi ni habari nyingine. Besi aliletwa ziwani kutoka Marekani mwaka 1929, na kamba wekundu wa maji baridi, wale wenye magando, walioletwa 1970 wakawa chakula chake, ndiyo maana chambo kigumu chenye sura ya kamba kinamvutia sana. Kina ndoano za miiba mitatu, ambazo fimbo ngumu huzichomoa mdomoni. Hapo nakubali, shingo upande, kwamba nailoni inafaa: inanyumbuka, pamoja na fimbo inayopinda na rili ya polepole, 5 kwa 1. Mnyoo wa plastiki wa kuburuta chini, tumia uzi wa fluorokaboni. Inazama.

Najua fimbo mbili ni gharama. Basi nunua moja ya ugumu wa kati, na kibiringo cha ziada chenye uzi wa kusuka.

Mchana nilimpa fimbo yangu. Besi aliyefuata alifika mashuani uzi umejaa majani. Binamu akamchomoa ndoano kwa koleo, akamshika majini mpaka akapiga mkia mwenyewe.