Kamera ya koo au kapnografu: kipi kitangulie?

Hospitali ya wilaya mkoani Tabora, tuseme ya Sikonge au Urambo, ikipata fedha kidogo za chumba cha upasuaji, mjadala huwa huu: inunue laringoskopu ya video, inayoonesha kamba za sauti kwenye skrini wakati wa kumwingizia mgonjwa mpira wa hewa kooni, au iimarishe kwanza vifaa vya kawaida, kama kapnografu ya kupima pumzi, na mazoezi?

Wanaotaka kamera wana hoja nzito. Laringoskopu ya Macintosh, ile ya kawaida isiyo na kamera iliyobuniwa mwaka 1943, humtaka mtaalamu wa usingizi aone kamba hizo kwa jicho lake moja kwa moja, jambo gumu mgonjwa akiwa na taya dogo au shingo isiyokunjuka. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yalionesha kwamba kamera hupunguza visa vya kushindwa kuingiza mpira wa hewa.

Lakini kuona ni jambo moja na kupitisha mpira ni jingine. Damu na matapishi hufunika lenzi, na mpira huweza kugoma hata kamba zikionekana waziwazi. Ukaguzi wa kitaifa wa Uingereza kuhusu madhara ya njia ya hewa, uliochapishwa mwaka 2011, ulitaja miongoni mwa sababu tathmini duni, ukosefu wa mpango mbadala na kutotumika kwa kapnografu, kifaa kinachopima kaboni dayoksaidi katika pumzi na kuthibitisha kwamba mpira haukuingia kwenye umio, yaani njia ya chakula. (Ukaguzi huo ulifanyika kamera zikiwa hazijaenea, hivyo si haki kuutumia kuzipinga.)

Mfikirie mama mwenye kifafa cha mimba, koo limevimba, chembe sahani za kugandisha damu zimeshuka mno kiasi kwamba ganzi ya mgongoni ni hatari, hivyo inabidi alazwe usingizi na kuwekewa mpira. Mwongozo wa Uingereza wa usingizi kwa wajawazito wa mwaka 2015 unaruhusu majaribio mawili ya kuingiza mpira, na la tatu lifanywe na mtaalamu mwenza mzoefu tu. Yakishindikana, mtaalamu atangaze kwamba ameshindwa na apeleke oksijeni kwa barakoa ya uso au ya kongomeo, inayokaa kooni juu ya kongomeo. Penye mtaalamu mmoja wa zamu, jaribio la tatu halipo, na oksijeni ikigoma kupita, daktari anayepasua lazima awe amefanya mazoezi ya kufungua njia ya hewa shingoni kwa kisu.

Kwa hiyo ningenunua kapnografu kwanza, kisha bugi, kijiti chembamba cha kuongozea mpira, na barakoa za kongomeo, na kamera baadaye, kwa sharti kwamba ncha zake ziwe za kusafishwa na kutumika tena, kwa sababu zile za kutupwa zikiisha, skrini itabaki kabatini.