Kugawana Intaneti ya Kebo: Ninayoyaona Ohio na Ninayoyadai Mombasa

Majira ya kiangazi, saa saba mchana kwangu hapa Columbus, Ohio, ni saa mbili usiku Mombasa, na huo ndio wakati wetu wa kupigiana simu ya video. Nyumba yangu na ile ya dada yangu huko Tudor, anakokaa mama, zote zinatumia intaneti ya kebo. Jumamosi moja mama aliniambia, "Mwanangu, umeganda," ilhali mimi nilikuwa nikimwona vizuri, hata mvuke wa chai yake nikiuona.

Kumbe chumba cha pili mwanangu alikuwa akipakia video za mechi ya shule. Katika kebo za Marekani, njia ya kupakia, yaani ya kutuma, ilitengewa kwa miaka mingi masafa ya megahezi 5 hadi 42 tu, na mamia ya megahezi yaliyo juu yake yakaachiwa upande wa kupakua, yaani wa kupokea. Tena njia hiyo nyembamba si ya nyumba moja: faiba, waya wa kioo unaobeba mwanga, huishia kwenye nodi, yaani kisanduku cha mtaa cha kugawia mawasiliano, na kutoka hapo kebo huhudumia hata mamia ya nyumba, kila modemu ikingoja mtambo wa kampuni uipe zamu ya kutuma. Niliponunua modemu ya DOCSIS 3.1, kiwango kipya zaidi cha intaneti ya kebo kuliko ile ya zamani, ambayo hupunguza foleni ya pakiti, yaani vipande vya data vinavyosubiri kutumwa, kabla haijarefuka, mama hakulalamika tena.

Kugawana njia, basi, si dhuluma. Hata faiba ya nyumbani kwa kawaida hugawanywa. Dhuluma ni kuficha kanuni ya mgawo. Wamarekani hawakupewa uwazi wa kanuni hiyo kwa hisani. Mwaka 2007 ilibainika kwamba Comcast, kampuni kubwa ya intaneti ya kebo, ilikuwa ikikatiza kisirisiri mawasiliano ya watumiaji wa BitTorrent, njia ya kugawana mafaili mtandaoni, na Agosti 2008 tume ya mawasiliano, FCC, ikaiamuru iache. Mahakama iliitengua amri hiyo Aprili 2010, lakini kampuni ilikuwa imekwisha kubadili utaratibu na baadaye ikauchapisha katika waraka wa kiufundi, RFC 6057. Kwa utaratibu huo, uliokuwa umezimwa kufikia mwaka 2018, njia ya mtaa ilipojaa kupita asilimia 70 upande wa kupakia au 80 upande wa kupakua, mteja aliyetumia zaidi ya asilimia 70 ya kasi aliyonunua kwa dakika 15 hivi aliwekwa nyuma ya wenzake mpaka matumizi yake yaliposhuka chini ya asilimia 50, bila kujali alitazama nini. Mteja aliweza kuipinga kanuni hiyo kwa sababu aliweza kuisoma.

Mkataba wa dada yangu unataja "matumizi ya haki" bila tarakimu hata moja. Kila akipiga simu huambiwa azime modemu kisha aiwashe. Nilimwomba apime kasi kwa wiki nzima na kuandika daftarini: alfajiri ilikuwa kamili, na kuanzia saa mbili usiku haikufika robo. Modemu mbovu haichagui saa. Aliwahi pia kuambiwa kwamba kebo ya baharini imekatika, na ni kweli kwamba tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika na eneo zima likaathirika, lakini mkato wa baharini hauponi alfajiri ukarudi usiku. Mwendo huo wa kasi ni dalili ya njia iliyouzwa kwa watu wengi kuliko inavyoweza kuwabeba.

Ninaandika haya kwa uchungu, kwa kuwa wahandisi wa Mombasa wanaijua kazi hii na mitambo yao huhesabu msongamano wa kila nodi. Ninaiomba Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya izitake kampuni ziandike ndani ya mkataba, kwa Kiswahili, kiwango kinachomfanya mteja apunguziwe kasi, muda atakaokaa hivyo, na kasi ya chini anayohakikishiwa saa za jioni. Dada yangu ameshaipelekea kampuni yake nakala ya daftari lile, na ameomba ajibiwe kwa maandishi.