Hema la Watu Sita, Lakini Sita Gani?

Aliyekaa huko kiwandani akaandika "watu sita" kwenye mfuko wa hema ni dhahiri kwamba hana mkwe. Angekuwa naye, asingethubutu kuwajumlisha binadamu kwa idadi tu bila kuuliza kwanza nani ni nani kwa nani. Familia ninayokusudia kuipeleka ufukweni Pangani katika likizo ya Desemba ni watu sita barabara: mimi, mke wangu, mabinti wawili ambao mkubwa wao siku hizi hafungi hata kanga bila kukomea mlango, kijana wetu wa mwisho, na mama mkwe wangu, ambaye hakualikwa bali alitoa tangazo. Kwa mujibu wa mfuko, tumeenea. Kwa mujibu wa adabu tulizolelewa nazo hapa Tanga, hatujaenea hata kidogo, kwa sababu mimi na mama mkwe hatujawahi kula sinia moja, na nikisikia kikohozi chake barazani mimi huvaa shati kwanza ndipo niitikie hodi.

Wala isidhaniwe kwamba nina mapenzi ya kulala nje. Wazo la hema limezaliwa na bei ya vyumba. Nyumba za wageni hutoza kwa chumba, familia yangu kwa adabu hizohizo inahitaji vyumba vitatu, na nilipozidisha vyumba hivyo kwa siku tulizokusudia kukaa, jibu lilitosha kuezeka upya banda la kuku na kubakiza nauli. Watoto walipendekeza twende Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambayo imepakana na Bahari ya Hindi na ambako, kwa maneno yao, mtu huogelea huku tembo akimtazama. Mama mkwe aliuliza swali moja tu, kwamba tembo huyo hubisha hodi au huingia tu, na shauri likafa hapohapo. Tukabaki na Pangani, nami nikabaki na shilingi laki tatu za kununulia nyumba ya kitambaa.

Biashara hii ya mahema imejengwa juu ya imani kwamba binadamu hulala amenyooka, amebana mikono, na hageuki mpaka alfajiri. Watengenezaji wengi humkadiria mtu mmoja upana wa sentimita 60 hivi, na wengine humpunja zaidi. Sasa lichukue godoro la mtu mmoja la futi tatu kwa sita, lile ambalo huegemezwa ukutani kumsubiri mgeni wa ghafla: upana wake ni sentimita 91. Hema la "watu sita" nililoonyeshwa dukani lilikuwa na sakafu ya mita tatu kwa tatu. Ukipanga magodoro matatu ubavu kwa ubavu, yamekula sentimita 273, na 27 zinazobaki ni za kandambili na birika. Upande wa miguuni panabaki mita moja na ushee, ambapo unaweza kuweka mabegi na mtoto mmoja mfupi, mradi asirefuke usiku huo. Wazoefu hushauri utoe watu wawili katika idadi iliyoandikwa. Mimi nimeamua kuigawa kwa mbili, kwa kuwa wazoefu hao hawajapata kulala na binti yangu mdogo, ambaye huuanza usiku kichwa kikielekea baharini na huamka kikielekea Muheza.

Nilimweleza hayo kijana muuzaji kwa utaratibu.

"Mzee wangu," akasema, "humu wanalala sita bila wasiwasi wowote."

"Sita gani, mwanangu?"

"Sita wowote wale, mzee."

"Wewe una mkwe?"

"Bado sijajaaliwa."

Nikamwambia tuendelee na bei.

Kwa hiyo jambo ninalolitafuta kwanza si ukubwa bali vyumba, na hapo pana hila ya pili. Mahema mengi ya bei nafuu yanayosifiwa kuwa na vyumba viwili yana chumba kimoja na pazia. Pazia lenyewe hutundikwa kwa vishikizo vya plastiki, haligusi sakafu, halifiki juu, na ni jepesi kiasi kwamba nilipomulika taa ya simu upande mmoja, upande wa pili nilikiona kivuli cha muuzaji kikijikuna mgongo. Nikawaza saa nane za usiku, mimi ninatafuta kikoi changu kwa taa hiyohiyo, na huko ng'ambo mama mkwe ameketi na tasbihi yake akitazama sinema ya bure. Na hapo sijazungumzia kukoroma, ambako mke wangu amekuvumilia kwa miaka yote hii kwa masharti kwamba mama yake asikusikie. Hema linalotufaa ni lile refu lenye umbo la handaki, lenye chumba huku, chumba kule na sebule katikati, ili kati ya mtu na mkwe wake pawe na mita mbili za hewa, kuta mbili za kitambaa na watoto watatu. Lina ubaya wake: ni zito, lina kamba nyingi, linataka uwanja mpana ulio tambarare, na bei yake likiwa jipya ndiyo iliyonifanya nikae kwenye kiti cha muuzaji bila kukaribishwa.

Kimo nacho kina wenyewe. Kuna mahema ambayo katikati hayafiki hata sentimita 130, na ndani yake mtu mzima mwenye heshima zake huvaa suruali akiwa amelala chali. Mama mkwe husali kwa kusimama na hataki kusikia habari ya kuinama kabla ya wakati wa kurukuu, kwa hiyo nimeandika kwenye daftari kwamba chini ya sentimita 190 sinunui. Amehoji pia chumba chake kitaelekea wapi. Hapo, kwa mara ya kwanza katika shughuli hii, mambo yalinyooka yenyewe: hema la handaki halipaswi kuupa upepo ubavu, bali kichwa; upepo wa kaskazi wa Desemba hutoka pande za kaskazini-mashariki; na kwa sisi wa huku Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Ni nadra kuona mkwe, upepo na mtengenezaji wakikubaliana.

Kisha ikaja habari ya mvua, maana vuli haina kalenda. Kwenye kibandiko cha hema huandikwa namba za milimita: 1,500, 2,000, 3,000. Maana yake si kiasi cha mvua, bali kimo cha maji ambacho kitambaa hukihimili juu yake kabla hayajaanza kupenya. Kwa kawaida 1,500 ndipo mahali ambapo kitambaa huanza kuitwa kisichopitisha maji, lakini kwa mvua zetu, zile zinazoanza kwa radi na kumaliza na barabara, afadhali 3,000 kwa kifuniko cha juu, na sakafu izidi hapo, kwa sababu goti au kiwiko cha aliyelala huikandamiza sakafu kwenye maji kwa nguvu kuliko tone linavyopiga paa. Muuzaji alikuwa na elimu nyingine. Aliniambia kwa uchangamfu kwamba, kwa kuwa Tanga kwa mwaka hupata mvua ya milimita 1,200 na kitu, hema lake la 3,000 limejihakikishia miaka miwili na ushee, na mwaka wa tatu nimrudishie alikague. Nilitamani kumkasirikia, lakini kugawanya aligawanya vizuri.

Asichokijua ni kwamba kitambaa chochote, kiwe cha milimita ngapi, hutobolewa na sindano ya cherehani. Mishono lazima iwe imebandikwa utepe kwa ndani. Geuza kifuniko, pitisha ukucha juu ya mshono; utepe ukinyanyuka, mvua imekwisha kuuona mlango wake. Yapo na maji ambayo hayatoki mbinguni: watu sita wakipumua usiku kucha ndani ya kitambaa cha tabaka moja, mvuke wao hugeuka matone na alfajiri huwarudia usoni. Dawa yake ni hema la ndani lenye wavu na kifuniko cha nje kilichoachana nalo, hewa ipite katikati. Wavu huo ndio chandarua chenu pia, na mbu wa pwani hahitaji tundu kubwa.

Jirani yangu, ambaye hushauri kabla hajaulizwa, ameona yote haya ni anasa. Yeye anasema nikodi turubai la shughuli, lile kubwa la nguzo za chuma, ambalo humeza watu mia na viti vyao. Nilimkumbusha kwamba katika mji huu turubai likisimama watu hawaulizi kuna nini, wanauliza nani. Kabla ya jua kuzama ufukwe mzima wa Pangani ungekuwa umekuja kukaa kwenye mikeka, wanaume huku, wanawake kule, na mimi ningekuwa nimesimama mlangoni napokea rambirambi za mtu ambaye hajafa. Jirani akasema rambirambi hizo zingefidia gharama za kukodi. Sikumjibu, ingawa nilizipigia hesabu.

Kwa laki tatu, basi, njia iliyobaki ilikuwa mitumba. Wauza mitumba wa Ngamiani hupata hema mara mojamoja ndani ya belo, na mara nyingi wenyewe hawajui ni hema mpaka walikunjue. Hapa pua hutangulia mbele ya macho. Harufu ya ukungu ina maana lilikunjwa likiwa bichi, na harufu hiyo haitoki kwa kuanikwa. Baada ya pua, kidole: upande wa ndani wa kifuniko ukinata na kuacha unga mweupe mkononi, utando unaozuia maji umekwisha kuoza, na hapo hununui hema bali shuka kubwa. Kitambaa kilichopauka begani kimeliwa na jua, kivute kwa dole gumba kabla hakijavutwa na kaskazi. Zipu uzifungue na kuzifunga zote, hata muuzaji akikutazama kwa jicho baya.

Nguzo ndizo zinazoonyesha bei ilikopunguzwa. Za faibaglasi ni rahisi, lakini hupasuka kwa urefu na kukuachia miiba isiyoonekana kiganjani. Za alumini ni nyepesi, imara na ghali. Za chuma hewa ya bahari huzila kwa kutu. Mimi ninakubali faibaglasi nene, pamoja na vipande viwili vya akiba. Vigingi vinavyokuja na hema, vile vyembamba kama sindano za kufumia, kwenye mchanga wa Pangani havishiki kitu, kwa hiyo nitajaza mchanga kwenye viroba, nifunge kamba katikati ya kila kiroba na kukifukia, jambo ambalo halina gharama zaidi ya mgongo wangu. Shemeji alitaka tutumie kamba za katani kwa heshima ya mkoa uliolima mkonge tangu mwaka 1893. Ninauheshimu mkonge, lakini kamba ya katani ikilowa hufupika, na saa tisa za usiku, mvua ikinyesha, mtu angelazimika kutoka nje kuzilegeza kamba zote. Mtu huyo ninamfahamu.

Kuhusu jiko sikutania na yeyote. Mama mkwe, ambaye bila kahawa ya alfajiri hazungumzi na mtu, na mimi sikuliona hilo kuwa tatizo, aliuliza jiko la mkaa litaingizwa upande gani mvua ikinyesha. Haliingizwi. Mkaa ndani ya hema hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini, na jiko linalofifia ni baya vilevile. Kahawa itachemshwa nje, mbali na kitambaa, na kwa siku za mvua itangoja kwenye chupa.

Hema limepatikana. Ni la handaki, vyumba viwili na sebule, mfuko unadai watu wanane, kimo kinatosha, mishono ni mizima, mfuko mmoja wa pembeni umechanika na kwa sababu hiyo nimepunguziwa hadi laki mbili na themanini. Tulilisimamisha uani, mama mkwe akaingia, akasimama, akainua mkono kupima paa, akageukia kaskazini, akaridhika. Kisha akagawa vyumba. Chumba cha upande wa bahari ni chake, na binti yake atalala naye pamoja na wajukuu wa kike. Mimi na kijana wangu tumepewa cha upande wa pili, na sebuleni zitakaa ndoo. Nilimtazama mke wangu ili aseme neno.

"Si ulikuwa unatafuta nafasi, baba Zuhura?" akasema huku akifunga zipu. "Hiyo hapo."