Msiubane Umati wa Lyceum

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu hapa Kisumu na spika mpya mkononi, akacheza albamu ya Live! ya Bob Marley and the Wailers kutoka kwenye simu yake, akaniambia, "Mjomba, sikiza hii. Imesafishwa, imeshinda santuri yako." Wimbo wa kwanza haukuwa umefika katikati nilipohisi hasira ikinipanda. Haikumhusu kijana, maana yeye amekua akiambiwa kwamba sauti kubwa ndiyo sauti nzuri. Iliwahusu wale wanaochukua tamasha lililonaswa kwa uangalifu, wakalibana mpaka kila kilichomo kikawa na kimo kimoja, kisha wakaturudishia kwa jina la toleo lililoboreshwa.

Wailers walipiga katika ukumbi wa Lyceum, London, tarehe 17 na 18 Julai 1975, gari lenye studio la bendi ya Rolling Stones likarekodi, na Desemba mwaka huohuo zikatoka nyimbo 7 katika santuri isiyofika dakika 40. Geuzeni upande wa pili wa santuri hiyo, msikilize No Woman, No Cry inavyoanza. Kinanda kinaingia taratibu, na kabla Marley hajatamka neno lolote, watu ukumbini wanaanza kuimba kiitikio wenyewe. Wako mbali. Unawasikia nyuma ya bendi, wengine wakichelewa kidogo, na besi ya Aston Barrett imetulia chini yao kama maji ya ziwa chini ya mtumbwi. Umbali huo ndio unaomjulisha msikilizaji kwamba kulikuwa na ukumbi, kwamba ukumbi ulijaa, na kwamba wimbo ulikuwa umekwisha kuwa mali ya watu hao kabla mwenyewe hajaufikia.

Sauti inapobanwa, mashine hushusha vilele vya ngoma na besi, kisha fundi hupandisha vyote kwa pamoja, ndipo kilichokuwa kidogo kinapokuja mbele kukaa sawa na kikubwa. Katika rekodi ya studio hasara hiyo huenda ikavumilika. Katika rekodi ya tamasha, kilicho kidogo ni umati na mwangwi wa kuta, na ukivivuta hadi kwenye midomo ya waimbaji umeuvunja ukumbi wenyewe. Mbaya zaidi, kila ngoma ya Carlton Barrett inapolia umati unazama, na inaponyamaza umati unafura tena, kana kwamba kuna mtu mlangoni anayefungua na kufunga.

Hata kaseti tulizozisikia katika matatu za Kondele, nakala ya nakala, zikivuma kama mvua ya mbali juu ya mabati, ziliuacha umati mahali pake.

Nakiri kwamba santuri nayo ina mipaka yake. Besi ikizidi, sindano huruka, kwa hiyo mafundi wanaochonga santuri hulazimika kuipunguza, na nakala yangu ina mikwaruzo ambayo siwezi kuitetea. Sidii (CD) iliyotolewa mwaka 2001 iliongeza wimbo wa Kinky Reggae, na baadaye likaja toleo lenye maonyesho ya siku zote mbili, ambalo ninalithamini kwa dhati kwa sababu linaonyesha jinsi nyimbo zile 7 zilivyochaguliwa. Wala siilaumu teknolojia ya dijitali. Sidii inaweza kubeba tofauti ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, nafasi ambayo santuri haiifikii. Aliyepewa nafasi hiyo yote akatumia kipande chake cha juu tu, amefanya hivyo kwa kupenda kwake. Na siku hizi hata faida ya kelele imekwisha, maana huduma nyingi za muziki wa mtandaoni husawazisha sauti zenyewe, na wimbo uliobanwa ili usikike kwa nguvu hushushwa ukawa sawa na wenzake, huku ukibaki umebanwa vilevile.

Sikubishana na mpwa wangu. Nilimwomba aunganishe simu na amplifaya yangu, nikapunguza sauti ya nakala yake mpaka ikalingana na ya santuri, kwa sababu sikio humpa ushindi anayepiga kelele zaidi, na mashindano yoyote yasiyosawazishwa hivyo hayana maana. Tukasikiliza ya simu, kisha ya santuri, kisha ya simu tena. Mara ya tatu aliikatiza mwenyewe, akarudisha sindano mwanzoni mwa upande wa pili, akakaa sakafuni karibu na spika.

"Mjomba," aliniuliza, "kumbe hao wanaoimba mwanzoni ni watu waliokuja kutazama? Miaka yote nimedhani ni waitikiaji wa bendi."