Anayebaki wima hapewi kitu

Mwaka wangu wa kwanza huku Marekani nilijiunga na ligi ndogo ya watu wazima ya mpira wa kikapu, mechi Jumamosi asubuhi, marefa wawili. Mechi ya pili napanda kufunga, beki akanichoma kiwiko cha mbavu, mpira ukanitoka. Sikuanguka. Refa yuko hatua tatu, filimbi mdomoni, ananitazama tu. Baadaye kidogo nikamgusa kijana mmoja kwa nyonga, akaruka kinyumenyume kama aliyegongwa na pikipiki, mikono juu, akateleza mpaka miguuni mwa benchi lao. Prrr! Faulo yangu ya tatu hiyo.

Nyumbani nilijifunzia kwenye saruji. Ukijiangusha pale, ngozi ya goti unaiacha hapohapo, na wenzako wa timu yako ndio wa kwanza kukuzomea. Refa alikuwa mmoja, na kwake faulo ni mpaka asikie mlio. Kwa hiyo nilipofika huku niliwaona wote waigizaji, nikajiona mimi ndiye mwanamume.

Siku hizi lawama nazipeleka kwenye filimbi. Refa haoni mguso, anaona kilichotokea baada ya mguso. Mwenye miguu imara anaponzwa na uimara wake. Halafu kuna hesabu: ukiwa na mkono wa kuingiza asilimia 80 ya mitupo huru, faulo ya mitupo miwili huru inakupa wastani wa pointi 1.6, wakati shambulio la kawaida linazidi pointi moja kwa kidogo tu. Nani asiyejua kuanguka?

NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, walianza na faini kwa wanaojiangusha msimu wa 2012-13: onyo kwanza, kisha dola 5,000, na kuendelea kupanda. Kwa mtu anayelipwa mamilioni, hilo ni kung'atwa na mbu. Msimu wa 2023-24 ndipo walipogusa penyewe. Ukijirusha, unapewa faulo ya kiufundi palepale mechini na wapinzani wanapata mtupo mmoja. Sasa kocha wako naye anakukunjia uso. Na refa anaruhusiwa kupuliza vyote viwili katika tukio moja, kwamba kweli umeguswa na kweli umeongeza chumvi. Hapo mtunga sheria alikuwa amewahi kucheza, naapa.

Ila msinielewe vibaya, nyumbani nako hakukuwa peponi. Pale ambapo filimbi hailii, mbabe ndiye anayetunga sheria. Kidole changu cha kati cha mkono wa kushoto hakinyooki mpaka leo, kilipigwa nikiwa hewani, na mchezo uliendelea nikiwa nimekishika kwapani. Hakuna aliyeuliza. Tuliuita ugumu. Ulikuwa ni uzembe wa kuchezesha, na sisi tukaufanya sifa.

Mwaka jana nilirudi likizo, nikaenda uwanja uleule, saruji ileile. Nikaingia na kikosi cha vijana. Mpira wangu wa tatu, dogo mmoja akanipitishia bega kifuani, bega la kawaida kabisa. Sikuamua kitu. Mwili wenyewe uliamua: kichwa nyuma, mikono juu, na sauti ikanitoka ambayo hata mimi sikuitambua. Nikalala pale nikisubiri filimbi. Wote walishakimbilia upande wa pili wa uwanja, wakafunga, wakarudi.

Yule dogo akanipa mkono. "Anko, umeteleza?"

Nikasema ndiyo.