Clara Schumann na koncheto iliyofungiwa: alificha au alisitiri?

Koncheto ya fidla ya Robert Schumann, yaani kazi ya mpiga fidla mmoja na okestra, inapopigwa siku hizi, maelezo yanayoitangulia ni yaleyale: kazi ya mtunzi mkubwa ilikaa kabatini zaidi ya miaka 80 kwa kuwa mkewe, mpiga piano Clara, aliionea haya. Joseph Joachim, mpiga fidla aliyeandikiwa kazi hiyo, na ndiye aliyekaa na mswada wake mpaka akafa mwaka 1907, anatajwa kwa kupita tu. Mtunzi Johannes Brahms, aliyekuwa mshauri wa Clara na Joachim, huenda asitajwe kabisa. Lawama imemkalia mjane.

Mashtaka yenyewe si ya kubeza, na nitaanza nayo.

Koncheto iliandikwa Düsseldorf kati ya 21 Septemba na 3 Oktoba 1853, yaani siku 13. Januari iliyofuata Joachim aliijaribu na okestra ya Hannover, faraghani. Tarehe 27 Februari 1854 Schumann akatoka nyumbani kwake na kujirusha katika mto Rhine. Waliomwona walimtoa, na siku chache baadaye akapelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, karibu na Bonn. Hakurudi tena nyumbani. Alifariki 29 Julai 1856, akiwa na miaka 46. Na mkusanyo wa kazi zake zote, uliochapishwa na Breitkopf & Härtel chini ya usimamizi wa Clara akisaidiwa na Brahms, ulipokamilika mwaka 1893, koncheto haikuwamo.

Mshtaki anasema hivi: watu watatu walizisoma nota hizo wakiwa tayari wanajua mwisho wa mwandishi wake. Ukishajua kwamba mtu aliingia mtoni, kila alichokisema miezi ya nyuma unakisikia kikichuruzika maji. Panapokuwa na marudio, unasema akili ilikwama. Panapokuwa na utulivu, unasema nguvu zilikwisha. Joachim mwenyewe, katika barua ya mwaka 1898 kwa Andreas Moser aliyekuwa akiandika maisha yake, alisema kazi hiyo ina uchovu ndani yake, akili ikijikamua matone ya mwisho ya nguvu. Hakukana kwamba sehemu ya pili ni nzuri, lakini hukumu ya jumla ilikuwa hiyo.

Hapa kuna namba moja ambayo kila mtu anayeijua koncheto hii huzozana nayo, nami pia: 63. Ndiyo alama ya metronomu ya sehemu ya tatu, mapigo 63 kwa dakika, karibu sawa na moyo wa mtu aliyekaa kivulini akipunga upepo. Katika koncheto za fidla za wakati ule sehemu ya mwisho ni mahali pa kukimbia: mpiga fidla anafungua mbio, okestra inamfuata ikihema, wasikilizaji wanasimama. Schumann kaandika polonezi, ngoma ya Kipolandi ya watu wanaoingia ukumbini kwa madaha, na kaitaka iende polepole kiasi ambacho mkono wa fidla unachoka bila kuonekana unafanya kazi. Kwa Joachim huo ulikuwa upungufu. Wapigaji wengi tangu hapo wameikwepa alama hiyo kwa kuongeza mwendo. Lakini mpiga fidla Gidon Kremer na kiongozi wa okestra Nikolaus Harnoncourt walipoirekodi mwaka 1994 waliifuata namba ilivyo, na mtu akiisikiliza kwa subira anagundua kwamba ile 63 huenda haikuwa dalili ya ugonjwa. Huenda mtunzi alitaka madaha kweli. Kama ni hivyo, masikio matatu bora ya Ujerumani yalikosea, na kosa lao likatugharimu karibu karne nzima. Hoja hiyo naikubali, na sioni namna ya kuizunguka.

Sasa twende kwa mjane.

Februari ile ya 1854 Clara alikuwa na miaka 34, watoto sita walio hai, na mimba. Mtoto aliyezaliwa Juni aliitwa Felix, na jina hilo tulishike, tutalihitaji mbele. Madaktari wa Endenich hawakumruhusu kumwona mumewe. Alimwona 27 Julai 1856, baada ya karibu miaka miwili na nusu, siku mbili kabla ya kifo. Marafiki walitaka kumchangia fedha, akakataa, akafunga mizigo na kwenda kupiga piano mji kwa mji. Alifanya hivyo mpaka mwaka 1891.

Tuihesabu hiyo: miaka 35 ya ujane jukwaani. Programu zake zilizohifadhiwa, tangu utoto wake Leipzig, zinapita 1,300. Na alichokuwa akikipeleka London, Vienna na kwingineko baada ya 1856 kilikuwa, zaidi ya kitu kingine chochote, muziki wa Robert, wakati ambapo sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa bado haijaamua kama Robert ni mtu wa kusikilizwa. Mke anayemwonea mumewe haya hamtembezi Ulaya kwa miaka 35. Mizani ya washtaki ina koncheto moja, sonata ya tatu ya fidla, mabadilisho ya piano (wimbo mmoja unaorudiwa kwa sura mbalimbali) na vipande vitano vya chelo upande mmoja. Upande wa pili hawaweki kitu, kana kwamba koncheto ya piano na nyimbo na simfonia tunazozijua leo zilijieneza zenyewe.

Tena, si kweli kwamba kila kilichoandikwa karibu na ugonjwa kilifungiwa. *Gesänge der Frühe*, vipande vitano vya piano vya Oktoba 1853, mwezi uleule koncheto ilipomalizika, vilichapishwa mwaka 1855. Clara aliandika katika shajara yake kwamba ni vya namna ya pekee na vigumu kueleweka. Hakuvielewa vyema, lakini vilitoka. Misa na Rekwiemu (misa ya wafu) za mwaka 1852 zilichapishwa miaka ya 1860, Robert akiwa kaburini na Clara akiwa msimamizi. Angekuwa anakimbia harufu ya ugonjwa angezizuia nazo. Alikuwa anachagua kazi moja moja kwa sikio lake, na sikio hilo Robert mwenyewe alikuwa akilitegemea walipokuwa pamoja.

Kuna kisa kingine kinachosahaulika. Mwaka 1891 Brahms alichapisha toleo la kwanza la Simfonia ya D ndogo, lile la 1841, kwa sababu aliliona jepesi na zuri kuliko toleo la 1851 ambalo Schumann alilitengeneza upya na kulichapisha. Clara alikasirika, na urafiki wa miaka karibu 40 ukatikisika. Msimamo wake ulikuwa kwamba Robert alishasema neno lake la mwisho kuhusu simfonia hiyo, na hakuna mwenye haki ya kumrudisha nyuma. Brahms alitaka tusikie zaidi. Clara alitaka tusikie kile ambacho marehemu mwenyewe alikipitisha. Unaweza kukataa kanuni hiyo (sikio langu, kwa bahati mbaya, liko na Brahms), lakini ni kanuni, na ya mtu anayeichukulia kazi ya marehemu kuwa amana aliyoachiwa.

Lugha yetu ina neno ambalo washtaki wangelihitaji. Anayeficha anajikinga mwenyewe. Anayesitiri anamkinga mwingine, hasa asiyeweza tena kujikinga. Maiti husitiriwa. Mgonjwa aliyevuliwa na homa husitiriwa na wanaomuuguza, na hakuna anayewauliza kwa nini wamefunga mlango. Clara, Joachim na Brahms walikuwa watu wa kambi iliyozingirwa, maana wafuasi wa watunzi Liszt na Wagner walikuwa wakitangaza kwamba wakati wa muziki wa namna ya Schumann umekwisha. Waliona kazi waliyoihesabu dhaifu, wakajua itasomwa kama cheti cha daktari, wakafunga mlango. Huenda walimhukumu vibaya. Nia naiona, na si haya.

Ila kuna moto, na moto siwezi kuutetea.

Vile vipande vitano vya chelo, yaani romansi tano za Novemba 1853, Clara alizichoma mwaka 1893, akiwa amevuka miaka 70. Tunajua kupitia maneno ya Brahms kwa rafiki yake Richard Heuberger: alihofia zingeshusha jina la Robert. Brahms aliunga mkono, naye hakuwa mgeni wa kuchoma, kwani yeye mwenyewe aliteketeza kwarteti za nyuzi (kazi za wapigaji wanne) kama 20 kabla ya kuruhusu ya kwanza itoke mwaka 1873. Lakini zile zilikuwa zake. Kilichowekwa kabatini hubaki na siku yake. Koncheto ilikosewa na watu watatu, ikasubiri, ikasikilizwa na wengine. Romansi hazina rufaa. Ukinambia hapo Clara alivuka mpaka wa amana, sina jibu.

Na kama nyumba ile ilizika muziki wa mtu, uliozikwa zaidi ni wa Clara. Mwanamke aliyepiga koncheto yake mwenyewe ya piano Leipzig mwaka 1835, mtunzi Mendelssohn akiongoza okestra, aliandika akiwa na miaka 20 kwamba mwanamke asitamani kutunga, na baada ya 1856 karibu aache kabisa. Wanaohuzunikia vipande vitano vya chelo wangetenga chozi moja kwa ajili ya kazi zake ambazo hazikuandikwa.

Turudi kabatini, maana namna koncheto ilivyotoka inasema jambo ambalo washtaki hulipita haraka. Baada ya Joachim kufa, mwanawe aliukabidhi mswada kwa maktaba ya serikali Berlin kwa sharti kwamba usipigwe hadi ipite miaka 100 tangu kifo cha Schumann, yaani 1956. Sharti hilo lilitoka kwa akina Joachim, si kwa Clara, aliyekuwa amekwisha kufa tangu 1896. Haikufika 1956. Mwaka 1933, London, wajukuu wa ndugu yake Joachim, Jelly d'Arányi na Adila Fachiri, wote wapiga fidla, walisema mizimu imewataka waitafute. Hilo ndilo linalopendwa kusimuliwa. Lililoifungua hasa ni serikali.

Koncheto ya fidla ya Mendelssohn ilikuwa kipenzi cha Wajerumani, na Wanazi walikuwa wamempiga marufuku Mendelssohn kwa Uyahudi wake. Pakabaki pengo. Mwamerika kijana, Yehudi Menuhin, Myahudi, alitaka kuwa wa kwanza kuipiga ya Schumann, akaambiwa Berlin kwanza. Tarehe 26 Novemba 1937 Georg Kulenkampff akaipiga Berlin na okestra ya Philharmonic chini ya Karl Böhm, katika hafla kubwa ya dola. Menuhin aliipiga Marekani mwezi uliofuata. Eugenie, binti wa mwisho wa Robert na Clara aliyekuwa bado hai, akiwa mkongwe huko Uswisi, alipinga hadharani: mama yake, Joachim na Brahms walikuwa wameamua isitoke. Hakusikilizwa.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini huku kulikuwa ni kuiba ngozi ya ngoma. Mendelssohn ndiye aliyeongoza Simfonia ya Kwanza ya Schumann ilipopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1841. Joachim, aliyeandikiwa koncheto hii, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, na akiwa mtoto wa miaka 12 alipelekwa jukwaani London na Mendelssohn huyohuyo. Na yule mtoto aliyekuwa tumboni Februari ya 1854, Felix, alipewa jina la Felix Mendelssohn. Kazi ya rafiki ikachukuliwa ili kufuta kazi ya rafiki. Clara asingeweza kulitabiri hilo, na simpi sifa ya utabiri. Ila wanaosema kwamba kufungua kabati ni wema na kulifunga ni dhambi waitazame tarehe ile ya Novemba 1937 kwanza.

Kuna karatasi moja zaidi. Februari 1854, kabla ya mto, Schumann aliamka usiku akaandika wimbo aliosema ameletewa na mizimu. Unafanana sana na wimbo wa sehemu ya pili ya koncheto, lakini hakuutambua kuwa wake. Akaanza kuutungia mabadilisho ya piano. Alikuwa akiyanakili kwa mkono safi asubuhi alipotoka kwenda Rhine. Alipookolewa alimaliza kunakili kesho yake, na akamtunukia Clara. Kama kulikuwa na karatasi yenye ugonjwa juu yake, ni hiyo, na kama kulikuwa na sababu ya kuwasha kiberiti, ni hapo. Mwaka 1893, mwaka uleule romansi zilipoteketea, Brahms aliutia ule wimbo katika juzuu la nyongeza la mkusanyo. Mabadilisho yenyewe yalichapishwa 1939. Clara hakuyachoma.