Klaudi haijui kupima tumbaku

Huku Tabora vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku vikiongelea kuachana na madaftari ubishi ni uleule, data za mizani ziende klaudi, yaani kompyuta za kukodi za kampuni kubwa kupitia intaneti, au zikae kwenye seva, kompyuta yetu wenyewe ya kutunzia data, ofisini. Wa klaudi wanasema mambo yatajiendesha yenyewe, injinia wa data wa nini. Wa seva wanasema ni kupeleka siri zetu ugenini halafu tulipie kwa dola. Mi naona wote wamemruka mtu wa muhimu, huyohuyo injinia wa data, fundi wa kuhakikisha data zinakusanywa na kupangwa sawasawa.

Wa seva tusiwacheke lakini. Shilingi ikiteleza bili inapanda na hujaongeza hata faili moja, na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tuliona wenyewe intaneti ilivyokuwa. Ila seva ya ofisini nayo, umeme ukicheza tu kwisha habari, bakapu iko kwenye flashi ya karani. Na masoko ya tumbaku ni miezi michache, mwaka uliobaki seva inalala na hela ulishatoa, klaudi unalipia unachotumia.

Kinachonikera ni ile namba. Amazon S3, huduma ya klaudi ya kutunza mafaili, ipo toka 2006, imeundwa kutunza mafaili kwa uhakika wa asilimia 99.999999999, hesabu mwenyewe, ni tisa kumi na moja. Watu wakiiona wanadhani kazi imeisha. Haya, karani yuko Sikonge ndani ndani huko, kapima robota la kilo 50, kabonyeza tuma, mtandao ukakata kabla majibu hayajarudi. Simu haijui kama mzigo umefika so inatuma tena. Kule juu zinasoma kilo 100! Klaudi haina kosa hapo, imepokea ilichotumiwa, na hizo kilo 50 za hewa itazitunza kwa tisa zake zote kumi na moja mpaka wajukuu. Mkulima anaonekana kauza 100, ghalani ipo 50, na wa kwanza kuitwa mwizi ni karani ambaye masikini hajagusa kitu. Seva ya ofisini ingefanya vilevile, tofauti yake ingesahau mapema.

Injinia wa data ndo anaziba hapo. Kila upimaji unapewa namba yake palepale kwenye mizani kabla mtandao haujahusika, ikija mara mbili inahesabiwa moja. Huyohuyo ndo anagundua kuwa aliyekopa mbolea kwa jina la baba na aliyeuza kwa jina la ukoo ni mtu mmoja, la sivyo makato ya pembejeo yanamwangukia mwingine. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, nani atayasimamia, mwenyekiti?

Mshahara wake ndo hoja ambayo wabishi wananiweza. Chama kimoja hakimudu. Labda vitano vichange, leo ashinde Urambo kesho Kaliua, na pikipiki wampe.